Mlima Elgon unapoporomoka, nani ana daftari la waliozikwa?

KILA mara mteremko wa Mlima Elgon unapomeguka na kuwafunika watu mashariki mwa Uganda, swali la kwanza linaloulizwa mjini Mbale na jijini Kampala huwa ni moja: wamekufa wangapi? Na kila mara jibu huja kwa tarakimu mbili zisizopatana. Ya kwanza ni ya miili iliyofukuliwa. Ya pili ni ya watu wasioonekana. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna pengo, na ndani ya pengo hilo wamo wanadamu ambao serikali haiwezi kusema kama wamo chini ya tope, wamekimbilia kwa jamaa zao bondeni, au hawakuwapo kijijini siku hiyo.

Wengi huliona jambo hili kuwa la makarani. Aliyekufa amekufa, watasema, na kumhesabu hakumrudishi. Lakini anayeufuatilia mlima huu kwa karibu anajua kwamba hesabu hiyo ndiyo inayoamua nani atapewa unga na hema, nani atagawiwa shamba kwingine, nani atalipwa rambirambi, na mteremko upi utatangazwa kuwa hatari kabla ya msimu mwingine wa mvua. Hesabu ikiwa mbovu, yote yanayofuata huwa mabovu.

Tarakimu mbili za Nametsi

Machi 1, 2010, baada ya mvua iliyonyesha kwa saa nyingi, ardhi ilimeguka juu ya kijiji cha Nametsi katika wilaya ya Bududa. Tope na mawe vilifunika nyumba, soko la kijiji na kituo cha afya. Miili iliyopatikana ilikuwa karibu 100. Makadirio ya waliokufa, wakijumlishwa na wale ambao hawakuonekana tena, yalivuka 300.

Ina maana kwamba kwa kila mtu mmoja aliyezikwa na jamaa zake, wengine wawili au zaidi walizikwa na mlima. Barabara ya kufika huko ilikuwa mbovu kiasi kwamba mitambo mizito haikuweza kupanda katika siku za kwanza. Wanajeshi na wanakijiji walichimba kwa majembe, sepetu na mikono mitupu. Hesabu ya waliopotea nayo ilitegemea sana vinywa vya walionusurika. Huyu alimtaja mkewe na watoto wanne, yule akawataja majirani waliokuwa dukani, na mwingine akamtaja mgeni aliyepita asubuhi. Mahali ambapo familia nzima ilifunikwa, hakubaki wa kuitaja.

Miaka miwili baadaye mambo yalikwenda kinyume. Juni 25, 2012, maporomoko mengine yaliangukia vijiji vya Bumwalukani, wilayani humo humo Bududa. Katika saa za kwanza ilihofiwa kwamba watu zaidi ya 100 walikuwa wamefukiwa, na habari hizo zikaenea duniani. Vumbi lilipotulia, waliothibitishwa kufa walikuwa 18.

Kumi na wanane ni wengi mno kwa vijiji vidogo. Lakini tofauti ya 18 na 100 ina madhara yake. Wahisani huanza kuushuku mlima mzima, na mkasa unaofuata ukitokea, mtu aliyeko ofisini mbali na Mbale husubiri kwanza aone kama safari hii wanasema kweli. Hivyo anayekosa kuhesabiwa vizuri leo humponza jirani yake wa kesho.

Novemba 27, 2024, zamu ilikuwa ya kijiji cha Masugu na vijiji jirani katika wilaya ya Bulambuli. Miili iliyopatikana siku za kwanza haikufika 30, ilhali orodha ya waliopotea ilivuka watu 100. Ilikuwa miaka 14 tangu Nametsi. Katika muda huo Uganda ilifanya sensa mbili, ya 2014 na ya 2024, ikawasajili wananchi kwa vitambulisho vya taifa, na ikawa na sera rasmi ya kukabiliana na majanga iliyotolewa mwaka 2010. Hata hivyo, tarakimu ziliendelea kuja mbili mbili.

Mlima unaoficha majeraha

Kupima uharibifu milimani si kama kuupima mjini. Mnamo Julai 31, 2022, mafuriko yalipoikumba Mbale, maafisa waliweza kupita mtaa kwa mtaa. Mto Nabuyonga ulikuwa umefurika kuanzia usiku, na watu zaidi ya 20 walikufa. Msiba ulikuwa mkubwa, lakini madaraja yaliyoharibika yalionekana na maduka yaliyojaa maji yalikuwa na wenyewe. Kila mtaa wa mjini una wa kumuuliza.

Huko juu hali ni tofauti. Elgon ni volkano ya zamani iliyozimika, na kilele chake cha Wagagai kina urefu wa mita 4,321. Miteremko yake ya magharibi ina udongo mzito wenye rutuba, mvua nyingi, mikahawa na migomba. Nyumba hazikukusanyika pamoja kama za kijiji cha tambarare. Zimetawanyika, moja hapa chini ya mgomba, nyingine kule ukingoni mwa korongo, kila moja ikifikiwa kwa njia ya miguu. Ukitazama kutoka angani unaona majani tu. Bati hili linaonekana, lile limefunikwa na mti.

Kisha kuna wingu. Maporomoko huja na mvua, na mvua huja na wingu linalolala juu ya mlima kwa siku kadhaa. Ndege au setilaiti ya kawaida inayopiga picha siku hiyo hupata picha ya wingu. Zipo setilaiti za rada zinazopenya mawingu, kama zile za Sentinel-1 ambazo nchi za Ulaya zilianza kuzirusha mwaka 2014, lakini rada humwambia mtaalamu kwamba ardhi imebadilika sura. Haimwambii kwamba hapo palikuwa na nyumba ya watu saba.

Mtu asidhani pia kwamba kupima kunaweza kusubiri mpaka jua liwake. Katika ukanda huu wa mvua, kovu la maporomoko huanza kuota majani mapema, na penye uhaba wa mashamba watu hurudi kulima juu yake. Alama inayoeleza ardhi ilimegukia wapi, ilipita wapi na ilisimama wapi inafutika. Anayechelewa kwenda kupima hukuta shamba la maharagwe.

Na anayewahi mno naye anahatarisha maisha. Julai 2024, katika eneo la Gofa kusini mwa Ethiopia, mlima uliporomoka mara ya kwanza, na watu waliokimbia kwenda kuwaokoa wenzao wakafukiwa na poromoko la pili. Waliokufa walizidi 200. Hilo ni funzo kwa kila mwenyekiti wa kijiji, kila polisi na kila mwandishi wa habari anayekimbilia penye tope kabla mteremko haujatulia.

Aliyehesabu miti

Kuna kisa cha mbali ambacho kinatusaidia kuelewa ugumu huu. Julai 21, 1987, kimbunga kikali cha aina ya tonado kilipita katika milima yenye misitu ya jimbo la Wyoming nchini Marekani, eneo la Teton na mbuga ya Yellowstone. Hakuna aliyekufa, na hakuna barabara iliyofika sehemu kubwa ya njia ya upepo huo.

Mwanasayansi Ted Fujita, ambaye ndiye aliyebuni kipimo cha ukali wa vimbunga hivyo, aliisoma njia hiyo kwa picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Alitazama miti ilivyolala, akachora ramani ya upande ambao kila kundi la miti liliangukia, na kutokana na hapo akaeleza upepo ulizunguka vipi na ulikuwa na nguvu kiasi gani. Njia ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 39, na miti iliyoangushwa ilikadiriwa kufika milioni moja. Utafiti wake ulichapishwa mwaka 1989.

Msomaji atauliza, hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, yanaonyesha kwamba hata msitu wa mlimani usio na njia unaweza kupimwa, mradi awepo mtu ambaye kupima ndiyo kazi yake, na apewe ndege na muda. Pili, yanatuonyesha tofauti yenyewe. Mti ulioanguka hubaki pale pale ukielekeza ulikoangukia, na mpimaji anaweza kurudi hata baada ya mwezi. Mtu aliyefukiwa na tope haachi alama. Kama hakuandikwa kabla ya mkasa, hakuna picha ya angani itakayomwandika baadaye.

Kwa maneno mengine, kwenye mlima wenye watu kazi ya kupima uharibifu huanza kabla ya uharibifu.

Jinja wanapima kila siku

Atakayesema kwamba Uganda haina utamaduni wa kupima na asafiri mpaka Jinja, kilomita mia moja na ushee magharibi mwa Mbale. Hapo ndipo Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, na hapo kimo cha maji ya ziwa kimepimwa na kuandikwa kwa zaidi ya miaka 100. Ndiyo sababu mnamo Mei 2020, ziwa lilipofurika na kuvamia fukwe za Uganda, Kenya na Tanzania, wataalamu waliweza kutamka bila kusita kwamba maji yalifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, na kwamba alama ya mita 13.41 iliyowekwa Mei 1964 ilikuwa imevukwa. Ni tofauti ya sentimita moja, baada ya miaka 56!

Kwa nini sentimita moja ya maji ijulikane Jinja, na watu 100 wasijulikane Bulambuli? Jibu halimo katika sayansi. Limo katika nani anayehitaji hesabu hiyo. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilikamilika mwaka 1954, na kila tone linalopita hapo lina mwenyewe anayelisubiri chini ya mto. Misri ilikubaliana na Uingereza mwaka 1949 kuhusu ujenzi huo, na mhandisi wake akawekwa Jinja kuangalia maji yanavyoachiliwa. Umeme nao unauzwa kwa kipimo. Palipo na mteja, pana kipimo.

Mbale yenyewe si mgeni wa mizani. Chama cha ushirika cha Bugisu, kilichoanzishwa mwaka 1954, kimekuwa kikipokea kahawa ya arabika kutoka miteremko hiyo hiyo na kuiandika kilo kwa kilo, jina la mkulima na uzito wa gunia. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye Elgon kahawa ilipata daftari lake. Waliopotea bila habari ni wakulima.

Wanasayansi walikwishaonya

Si kweli pia kwamba mlima huu haujulikani. Mvua za El Nino za mwaka 1997 zilisababisha maporomoko yaliyoua watu 48 katika eneo la Manjiya, ambalo ndilo Bududa ya sasa. Baada ya hapo watafiti kutoka Ubelgiji na wenzao wa Uganda walipanda milima hiyo kwa miguu, wakapima na kuweka kwenye ramani maporomoko 98. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2006, miaka minne kabla ya Nametsi, walikadiria kwamba udongo uliohama ulifika mita milioni 11 za ujazo.

Walieleza na sababu. Mvua kubwa ndiyo inayosukuma, lakini mteremko huwa umeandaliwa zamani: udongo wa mfinyanzi unaonyonya maji na kuwa mzito, umbo la mteremko linalokusanya maji mahali pamoja, miti iliyokatwa, na watu wanaochimba tako la kilima ili wapate uwanja wa kujenga nyumba. Wakati huo msongamano wa Manjiya ulikuwa zaidi ya watu 900 kwa kilomita moja ya mraba. Huko, sehemu iliyo bapa huwa imekatwa kwa jembe.

Basi maarifa yalikuwepo. Kilichokosekana ni daraja kati ya ramani ya profesa na daftari la mwenyekiti wa LC1, yule kiongozi wa kijiji ambaye ndiye serikali ya kwanza mwananchi anayoijua. Ramani ilisema mteremko upi unaweza kushuka. Daftari lingesema nani analala chini yake. Vitu hivyo viwili havikukutanishwa mezani. Tukumbuke kwamba viongozi hao wa vijiji walichaguliwa mwaka 2001, na uchaguzi uliofuata ukafanyika Julai 2018, miaka 17 baadaye. Ofisi iliyoachwa miaka 17 bila kuguswa haiwezi kutarajiwa kuwa na daftari safi.

Gharama ya kutohesabiwa

Tuangalie sasa hesabu mbovu inavyoendelea kuumiza baada ya kamera kuondoka.

Kwanza ni sheria. Nchini Uganda, kama nchini Kenya, sheria ya ushahidi inamtambua mtu kuwa huenda amekufa ikiwa hajasikika kwa miaka 7. Mjane wa Nametsi ambaye mwili wa mumewe haukuonekana na ambaye hakuwa na karatasi ya kuthibitisha alikuwa hapo angeweza kusubiri mpaka 2017 kwa njia hiyo. Miaka 7 ni mingi kwa mwenye shamba la kugombaniwa na mashemeji.

Pili ni fedha. Siku hizi rambirambi za serikali hutolewa kwa kichwa. Jaa la taka la Kiteezi karibu na Kampala lilipoporomoka Agosti 2024, Rais Yoweri Museveni aliagiza kila familia iliyofiwa ipewe Sh5 milioni za Uganda, na kila majeruhi Sh1 milioni. Utaratibu huo una huruma ndani yake, lakini unahitaji orodha ya kuaminika. Bila orodha, mwenye sauti kubwa hulipwa na asiye na mtu wa kumsemea husahauliwa. Kadhalika majina hewa huzaliwa, na majina hewa yakigunduliwa hata wenye haki hunyimwa.

Tatu ni ardhi. Baada ya Nametsi, familia zipatazo 600 zilipelekwa Kiryandongo, magharibi mwa nchi, na kugawiwa ekari mbili na nusu kila moja. Miaka tisa baadaye, mnamo 2019, familia 101 za kwanza zilihamia nyumba zilizojengwa na serikali huko Bunambutye, kwenye tambarare ya Bulambuli. Hatua hizo zinastahili sifa. Lakini nani aende kwanza? Ukiwa hujui ni familia ngapi zinaishi chini ya miteremko iliyochorwa kwenye ramani, utawahamisha waliokwisha kuumia na kuwaacha wanaosubiri zamu yao. Ndivyo ilivyokuwa. Nametsi ilihamishwa baada ya kuzikwa, na Oktoba 11, 2018, Mto Suume ulipobeba mawe na tope kupitia Bukalasi, wilaya hiyo hiyo, zaidi ya watu 40 walikufa.

Hata walengwa wenyewe walichoka kungoja. Mwaka 2020 wakazi wa Bududa walikwenda Mahakama Kuu ya Mbale kuishtaki serikali, wakidai ilishindwa kulinda maisha yao dhidi ya maporomoko yaliyokuwa yakijulikana.

Nne ni maporomoko madogo. Lile linalobeba migomba ishirini na choo cha jirani halitangazwi na redio. Lakini hayo madogo, yakiandikwa kwa miaka kumi, ndiyo yanayoonyesha mteremko upi unatembea. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huko Elgon ufa ni ufa kweli. Kuna mwanakijiji anayeuruka kila siku akienda kuchota maji.

Kwa nini mwananchi anaogopa daftari

Haitoshi kuilaumu serikali peke yake. Mkazi wa Elgon naye ana sababu ya kulitazama daftari kwa jicho la shaka, na asiyeielewa sababu hiyo atapoteza karatasi zake bure.

Sehemu ya juu ya mlima ilikuwa msitu wa serikali tangu enzi za ukoloni, na mwaka 1993 ikatangazwa kuwa mbuga ya taifa. Tangu hapo kumekuwa na mivutano ya miaka mingi kuhusu mpaka, baina ya wanavijiji na mamlaka ya wanyamapori. Wako waliotolewa, waliorudi, na waliotolewa tena. Kwa mtu kama huyo, afisa anayepita na kalamu akiuliza "mko wangapi humu ndani?" si mkombozi. Anaonekana kama mtangulizi wa askari wa kufukuza. Ukimwambia kwamba nyumba yake iko mahali pa hatari, anasikia kwamba shamba lake la kahawa linatakiwa na mtu mwingine.

Ndiyo maana wengi waliohamishwa hurudi. Tambarare ina usalama, lakini haina kahawa, haina makaburi ya wazazi, na mvua yake si ile. Mtu hupima hatari ya njaa ya kila mwaka dhidi ya hatari ya poromoko linaloweza kuja au lisije, na huchagua mlima. Hayo ni mahesabu, hata kama afisa wa wilaya hayapendi.

Kwa hiyo daftari litakalofaa ni lile lisilotumika kumfukuza aliyejiandikisha. Hilo lisemwe hadharani, liandikwe, na likae mikononi mwa kijiji chenyewe, nakala moja tu ikipelekwa wilayani.

Linalowezekana

Baadhi ya wasomaji watasema hii ni ndoto ya nchi tajiri. La hasha. Uganda yenyewe ina mfano wake, upande wa pili wa nchi. Katika milima ya Rwenzori, tangu mwaka 2017, wanavijiji walifundishwa kwenda kwenye maporomoko na mafuriko wakiwa na simu, kujaza fomu fupi, kupiga picha na kutuma mahali palipotokea tukio. Hawakuwa maprofesa. Walikuwa wakazi wanaojua njia za miguu, na matukio ambayo setilaiti isingeyaona waliyafikia wao. Kinachowezekana Kasese kinawezekana Bududa.

Kazi yenyewe si kubwa. Kabla ya kila msimu wa mvua, mwenyekiti wa LC1 pamoja na wahudumu wa afya wa kijiji wapite nyumba kwa nyumba kwenye ile miteremko ambayo ramani imeitaja, waandike nani analala wapi, na simu ya jamaa mmoja aishiye nje ya kijiji. Shule za msingi zipewe vipima mvua, na walimu waandike kila asubuhi kama Jinja wanavyoandika maji ya ziwa. Nyufa zipigiliwe vigingi pande zote mbili ili umbali upimwe kwa kamba. Mkasa ukitokea, orodha iliyokuwepo isomwe jina kwa jina mbele ya walionusurika, na ndani ya siku saba itolewe hesabu moja iliyotiwa sahihi, ikieleza waliopatikana, wasiopatikana, na walioonekana wakiwa hai kwingine.

Orodha hiyo haitamtaja mgeni aliyekuja sokoni asubuhi ile. Lakini itapunguza pengo, na itawaelekeza wachimbaji waanzie wapi. Panapochimbwa kwa mikono, kujua kwamba nyumba ya watu tisa ilikuwa hapa na si pale kunaweza kuwa uhai wa mtu.

Majirani wa Uganda wasijione wako salama. Novemba 2019 maporomoko ya Pokot Magharibi nchini Kenya yaliua watu zaidi ya 50. Desemba 3, 2023, tope la Mlima Hanang liliingia mji wa Katesh nchini Tanzania na kuua zaidi ya 80. Na mapema Novemba 2025, ardhi iliporomoka Chesongoch katika bonde la Kerio, Kenya, ikaua zaidi ya 20. Elgon yenyewe ni ya nchi mbili, na mvua haina pasipoti. Serikali ambazo hukutana mara kwa mara kugawana maji ya Nile na samaki wa ziwa zinaweza pia kukutana kupeana ramani za miteremko.

Serikali ya Uganda imejenga nyumba Bunambutye, imeandika sera, na imetuma wanajeshi wake kuchimba tope. Hakuna anayelikana hilo. Lakini hatua zote hizo huja baada ya mlima kusema. Mvua kubwa zitanyesha tena Bududa, Bulambuli, Manafwa na Sironko, na mteremko mwingine utashuka. Siku hiyo swali litaulizwa tena Mbale na Kampala: wangapi? Anayetaka kulijibu kwa tarakimu moja aanze kuandika majina sasa, wenyewe wangali hai.